Spika Iliyopasuliwa kwa Wembe

Kwa miezi saba Ézéchias, karani wa stesheni ya treni ya Kamina, alitafuta sauti moja tu. Alikuwa ameisikia katika kaseti kuukuu ya roki: gitaa iliyonguruma kama bati linaloburutwa barabarani, na bado ikaimba. Gitaa ya umeme ya kanisa, alipoiunganisha na redio kubwa ya marehemu baba yake, ilitoa sauti safi ya Jumapili. Akafungulia redio mpaka mwisho, taa zake za ndani zikawa nyekundu. Haikutosha.

Jumamosi moja mchana, vita vikiwa vimeanza tena, alichukua wembe akapasua karatasi ya spika ya redio hiyo mara tatu. Rafiki yake Isaïe akawasha jenereta uani. Ézéchias alipopiga nyuzi, kuta zilitetemeka. Ilikuwa ile ile. Isaïe akaingia mbio akicheka.

"Njo yenyewe, ndugu yangu. Njo yenyewe kabisa."

Nje, kikosi cha askari kilikuwa kinarudi Base, kambi yao ya jeshi, kutoka vitani, kimepoteza watu njiani. Waliposikia mngurumo walifyatua risasi. Zilipenya matofali mabichi kama uji. Moja ilimpata Isaïe shingoni, akaanguka akishikilia meza, damu ikimtoka kwa mapigo mpaka ikaacha.

Mlango ukavunjwa.

"Hii iko foni," alisema ajida, mkubwa wao, akionyesha redio kana kwamba ni ya kupeleka ujumbe kwa waasi. "Unasemaka na barebeli."

"Hapana, chefu. Iko gitare."

Wakaulaza mkono wa kushoto wa Ézéchias juu ya kizingiti, wakauponda kwa kitako cha bunduki. Kwa pigo la pili aliisikia mifupa yake mwenyewe ikivunjika. Alipiga kelele, wakamkanyaga mdomo.

Mkewe, Mwadi, alitoka jikoni. Hakuwa ameigusa gitaa hiyo hata siku moja.

"Chefu, nitakuonyesha."

Aliruka damu ya Isaïe, akaivaa gitaa, akazipiga nyuzi zote sita kwa kiganja. Askari mmoja alirudi nyuma, bunduki juu. Ajida alisikiliza mpaka sauti ikafa.

"Njo hii tu?"

"Njo hii tu."

Ajida akausukuma mguu wa Isaïe kwa buti. "Mumuzike." Wakaondoka na mbuzi aliyefungwa uani.

Hospitalini walimkata Ézéchias vidole viwili. Baada ya matanga, mama yake Isaïe, Clémentine, alikuja akakaa kwenye benchi.

"Nataka kusikia kile kintu kiliua mutoto yangu."

Ézéchias hakuweza kuzibana nyuzi. Mwadi akazibana, yeye akapiga kwa mkono wa kulia. Clémentine alisikiliza, mikono mapajani.

"Iko na kelele mingi," alisema. "Yeye aliipenda?"

"Aliipenda, mama. Alikuwa anacheka."

Clémentine akakaza kitambaa chake kichwani, akawaambia waipige tena.