Vibati Kumi na Vinne

Saa tano na dakika nane asubuhi, vibati vyote kumi na vinne vilikuwa ndani ya kikapu.

Mhudumu wa ukumbi alivihesabu mara mbili. Hiyo ilikuwa tabia yake, na ndiyo sababu wenzake walimwita Hesabu. Vilikuwa vipande vya bati ukubwa wa kiganja cha mtoto, kila kimoja na namba iliyogongwa kwa msumari, na wazo la kuvitumia lilikuwa lake. Mafuta ya ndege yalipoadimika, shirika lilibakiza safari nne kwa siku kati ya kumi na moja, na ukumbi wa abiria wa daraja la juu ukabaki na mhudumu mmoja badala ya wanne. Chakula cha moto kiliondolewa. Mashine ya kusoma kadi mlangoni ilirudishwa kwa kampuni iliyoikodisha. Kati ya safari moja na nyingine ukumbi ulifungwa na umeme wake kuzimwa. Hesabu akapendekeza kila anayeingia apewe kibati, na anapotoka akidondoshe kikapuni. Vibati vikitimia, watu wametoka. Meneja alimsifu mbele ya wenzake, na kwa wiki saba mpango haukuwahi kukosea.

Alitazama viti: vitupu. Alichungulia korido ya bafu: chini ya mlango palikuwa na giza. Taa ya bafu ilijiwasha mtu alipoingia, na ilijizima yenyewe baada ya dakika kumi bila kuona mwendo wowote ndani. Giza, kwake, lilimaanisha hakuna mtu. Alizima swichi kuu, akafunga mlango wa ukumbi, akamkabidhi mlinzi wa funguo ufunguo na kuweka saini kwenye daftari lake. Saa ya saini ni tano na dakika kumi. Kisha akaanza safari ya kwenda geti la mwisho, kwa kuwa siku hizo mhudumu wa ukumbi ndiye pia aliyesaidia kupandisha abiria. Ngazi za umeme na njia inayotembea zilikuwa zimezimwa. Kwa miguu ilimchukua dakika tisa.

Wa mwisho kuingia ukumbini asubuhi hiyo walikuwa mume na mke, saa nne na dakika ishirini na tano. Mume alikuwa mpima ardhi mstaafu, mrefu, shati lililopigwa pasi hadi mikunjo inakata. Alichungulia meza ya chakula.

"Mwanangu, mbona meza imefiwa?"

"Baba, siku hizi ni chai na biskuti. Ratiba imepunguzwa, na sisi tumepunguzwa nayo."

"Biskuti! Miaka kumi na sita naibeba kadi hii ya dhahabu, nije nile biskuti kama mtoto wa chekechea?"

"Na sindano ushajidunga," mkewe alisema. "Nilikuambia kwenye teksi, ngoja tufike tuone kama kuna chakula. Lakini wewe ni lini ulimsikia mtu?"

"Nilijidunga nikijua kuna mayai. Hapa siku zote kuna mayai."

Hesabu alielewa ni sindano gani. Shangazi yake alikuwa akijidunga insulini, na nyumbani kila mtu alijua kwamba ukishajidunga lazima ule, la sivyo sukari hushuka mpaka unaanguka. Alimpa mzee pakiti tatu za biskuti badala ya moja.

"Baba, kula sasa hivi, tafadhali."

"Nikishaoga. Siwezi kusafiri na jasho la foleni."

"Kula kwanza, baba watoto."

"Dakika tano tu, mama. Ama unataka nile biskuti bafuni?"

Alichukua taulo na mkoba wake akaenda. Mkewe alipokea vibati vyote viwili, namba kumi na tatu na kumi na nne, akavitia kwenye pochi. Hesabu aliyaona hayo yote kwa macho yake. Dakika hiyohiyo abiria mwingine alimwita kulalamika kwamba chai imepoa.

Saa tano na dakika ishirini na nne, getini, abiria sitini na mmoja kati ya sitini na watatu walikuwa wamepita. Msimamizi wa geti, waliyemwita Meja kwa jinsi alivyotembea kifua mbele, aligeuza orodha.

"Wawili. Kiti cha pili A na cha pili B."

Wa pili B alikuwa amesimama pembeni, pochi kifuani.

"Mimi nipo, baba. Mzee wangu ndiye simwoni. Yeye hupenda kuwa wa kwanza kwenye foleni. Nilidhani nitamkuta hapa."

"Atakuwa chooni, mama. Nenda kamgongee, halafu pitia na madukani. Tuna dakika chache."

Mama aliondoka. Meja alimgeukia Hesabu. "Ukumbini je?"

"Hayupo."

"Una hakika?"

"Nimefunga mwenyewe. Vibati kumi na vinne, vyote kikapuni."

"Haya. Ukisema wewe, yamekwisha." Akachukua kipaza sauti na kumwita abiria wa pili A, mara tatu.

Kwa sababu ya jibu hilo, kwa dakika kumi na tatu hakuna aliyekwenda ukumbini. Mfanyakazi mmoja alitafuta kwenye vyoo vya wanaume, vya ghorofa zote mbili. Mwingine aliuliza kwenye duka la vitabu na duka la simu. Meja aliagiza wapakuaji waanze kutafuta masanduku ya abiria hao wawili kwenye tumbo la ndege, kwa kuwa mzigo hausafiri bila mwenyewe.

Saa tano na dakika thelathini na saba mama alirudi anahema, kiatu kimoja mkononi.

"Hayupo. Labda amerudi kule kwenu?"

"Hawezi, mama," Hesabu alisema. "Kule pamefungwa. Na kibati chake kilirudi, nimekishika mwenyewe."

"Kibati?" Mama alimtazama. "Vile vibati? Vyote viwili nimevidondosha kikapuni mimi. Nilikuwa naongea na binti yangu kwenye simu, nimegeuka, nikaona kiti chake kitupu na mkoba haupo. Nikajua ameshatangulia."

Mkoba haukuwepo kwa sababu ulikuwa bafuni. Taa ilikuwa imezimika kwa sababu aliyekuwa ndani hakuwa akijongea. Hesabu aliyaelewa yote mawili kwa pamoja.

"Bafuni," alisema. "Meja, yuko bafuni. Mwite muuguzi. Sukari, mwambie ni sukari."

"Si umesema—"

"Mwite!"

Akakimbia. Alivua viatu akaviacha palepale. Njia aliyoitembea kwa dakika tisa aliikimbia kwa nne, na katika hizo nne alikuwa akipiga hesabu asiyoweza kuiacha: sindano kwenye teksi, tuseme saa nne kasoro dakika kumi. Sasa ni saa tano na dakika arobaini. Karibu saa mbili bila chakula. Kiyoyozi kimezimwa nusu saa iliyopita. Shangazi yake aliwahi kuanguka baada ya saa moja tu.

Mlango wa ukumbi ulikuwa wa kioo kizito chenye rangi ya moshi. Aliupiga kwa viganja vyote viwili.

"Baba! Baba, unanisikia?"

Aliweka sikio. Ndani hapakuwa na sauti yoyote, hata ya jokofu.

Kiti cha mlinzi wa funguo kilikuwa kitupu, na daftari lipo juu yake. Walinzi nao walikuwa wamepunguzwa. Mmoja sasa alishika milango mitatu, na wakati huo alikuwa chini, kwenye mlango wa mizigo. Hesabu alimwita kwa redio. Alijibu mara ya tatu.

"Nakuja, dada. Lifti imezimwa, napanda kwa miguu."

"Kimbia!"

"Dada, nina miaka hamsini na nane."

"Kaka yangu, kuna mtu anakufa humu ndani!"

Ndipo aliposikia nyayo zikibadilika mwendo kwenye redio. Alingoja. Alijaribu kuuvunja mlango kwa kile kiti. Kiti ndicho kilichovunjika. Alichokumbuka kuhusu dakika hizo, alipoulizwa baadaye, ni kwamba kila alipofumba macho aliona giza lile chini ya mlango.

Saa tano na dakika hamsini na moja mlinzi alifika na kufungua. Joto la ndani liliwapiga usoni. Hesabu aliwasha swichi kuu, wakaenda koridoni. Chini ya mlango wa bafu palibaki giza.

"Baba!"

Kitasa kilikuwa kimefungwa kwa ndani, lakini kwa nje kilikuwa na mfuo wa kufungulia kwa dharura. Mlinzi alitia ncha ya ufunguo akazungusha. Mlango ulisogea upana wa kiganja, ukakwama. Kitu kizito na laini kiliulalia kwa ndani.

"Usisukume kwa nguvu," mlinzi alisema. "Ni yeye."

Hesabu alilala sakafuni, akapitisha mkono kwenye upenyo. Taa ilijiwasha. Alishika bega lililolowa jasho baridi. Hakujua kama linapumua. Alilisukuma taratibu, mlinzi akisukuma mlango juu yake, mpaka akaweza kujipenyeza.

Mzee alikuwa amelala ubavu, suruali amevaa, shati bado kwenye ndoano. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Hesabu alimwekea shavu karibu na pua, akangoja. Pumzi ilikuja, fupi. Akangoja tena. Ilichelewa, kisha ikaja.

"Anapumua," alisema.

"Niletee soda nimmiminie?"

"Hapana!" Ilikuwa sauti ya mama kutoka koridoni, alikuwa amekimbia njia nzima, viatu vyote mkononi. "Akizimia hapewi kitu mdomoni, atapaliwa. Mgeuzeni tu. Muuguzi yuko wapi? Jamani, muuguzi yuko wapi?"

Muuguzi wa zamu aliingia saa tano na dakika hamsini na nane. Alitoboa kidole cha mzee. Kipimo kilisoma moja nukta tatu, chini sana ya nne inayotakiwa. Alitafuta mshipa kwenye mkono wa kushoto akaukosa, akautafuta wa kulia akaupata, akaanza kusukuma maji mazito ya sukari, polepole. Mama alipiga magoti pale kizingitini, kwa kuwa ndani hapakuwa na nafasi ya mtu wa nne, na kushika mguu wa mumewe kwenye kifundo.

"Baba watoto. Ee baba watoto. Usinifanyie hivi kwenye choo cha watu."

Saa sita na dakika tano kipimo kilisoma mbili nukta nane. Mzee bado hakujongea. Hesabu alikuwa bado amemshikilia kichwa mapajani, na alihesabu pumzi zake kwa kunong'ona: kumi na moja kwa dakika, halafu kumi na tatu.

Saa sita na dakika kumi na mbili kope zilicheza. Macho yalifunguka, yakamtazama Hesabu bila kumjua.

Saa sita na dakika kumi na nne Meja aliita kwenye redio: masanduku mawili yamepakuliwa, ndege imeondoka na abiria sitini na mmoja.

Kipimo cha tatu kilisoma nne nukta sita. Muuguzi alimuuliza mzee jina lake. Alilitaja, akakosea la pili, akalirudia vizuri.

"Huyu hapa ni nani?" muuguzi aliuliza akimwonyesha mama.

Mzee alimtazama kwa muda mrefu. "Huyo," alisema, ulimi mzito, "ndiye aliyeniambia nile."

Mama aliinamisha kichwa kwenye mguu aliokuwa ameushika. Hesabu alitaka kusema kwamba ni yeye aliyefunga mlango. Alimwinamia sikioni.

"Baba, ni mimi niliyekufungia. Sikugonga mlango."

Haijulikani kama alimsikia. Muuguzi alikoroga sukari kwenye kikombe cha maji na kumnywesha kwa kijiko. Saa sita na dakika ishirini na sita, mzee alimeza kijiko cha kwanza, kisha cha pili. Cha tatu alikikataa.