Siku za Mwanaheri

Mwanaheri alikuwa kwenye cherehani yake pale Majengo mama mkwe alipompigia simu kutoka Tunduru.

"Pole, mwanangu. Nimesikia umeziona siku zako tena. Kesho nakutumia dawa ya mizizi kwa basi."

Dawa ya mizizi! Siku zenyewe zilianza alfajiri hiyo, na hakumwambia mtu. Aliziandika tu kwenye programu ya simu, ile waliyoiunganisha na simu ya mumewe, Bashiru, ili watafute mtoto pamoja.

Bashiru alipokuja kula mchana, wala hakukana.

"Mama ni mama, mke wangu. Ana haki ya kujua kama mjukuu yuko njiani. Kwani kuna siri gani?"

Mwanaheri hakubishana naye. Alimpigia mkwewe, akaweka spika.

"Shikamoo, mama. Mwanao anasema kwenye familia hatufichani kitu, nami nimekubali. Basi na yeye ana lake la kukwambia. Mwezi wa tatu daktari alimpa karatasi..."

Bashiru aliruka, akampokonya simu, akaikata. Karatasi hiyo, ya kwenda kupima mbegu zake, ilikuwa bado imekunjwa kwenye pochi yake, na hospitali hajakanyaga.

"Una wazimu? Yale ni mambo yangu!"

"Kumbe kuna yako?" Mwanaheri akamnyooshea kiganja. "Haya, lete na simu yako, niyatoe yangu humo."