Mito ya Msichana wa Nne

Jumatatu, saa tatu kasorobo asubuhi, mto ulianza kuvuja kwenye ramani na kulowesha kiwiko cha mtafiti. Aliinua daftari lake, akamwita mtunza nyaraka. Mtunza nyaraka, bwana mnene aliyevaa ndara ofisini, alikuja na ndoo na tambara.

"Sogea kidogo, dada," alisema. "Wanasema maji yakimwagika hayazoleki, ila haya nayazoa mwaka wa kumi na tisa huu."

"Ramani zote zinavuja?"

"Si zote. Ziko mbili kavu kama biskuti."

Mtafiti alikuwa amepewa kazi ya kuandika kitabu cha miaka sabini ya Idara ya Ramani. Kwa wengi ingekuwa kazi ya mteremko, maana ramani zote mia tatu na kumi na mbili zilikuwa na jina moja pembeni, la Mpima Mkuu wa kwanza, ambaye picha yake ilitundikwa ukumbini, masharubu na yote. Lakini mtafiti alikuwa na lake moyoni. Shangazi yake, aliyemlea tangu alipofiwa na mama, alifanya kazi humo ujanani, na alikufa na ulimi wa buluu. Ukoo ulisema ni maradhi. Wenye vijembe walisema ni kwa sababu ya domo lake. Mwenyewe alisema ni wino: katika chumba cha kunakili, wasichana walichonga ncha ya brashi kwa midomo yao kabla ya kuchora kila mto. Hakuna aliyemsadiki. Alizikwa na watu kumi na mmoja, na mtafiti alitaka jina lake liandikwe mahali pengine zaidi ya kaburini. Hilo tu.

Daftari la mahudhurio halikumsaidia. Wanaume waliandikwa majina yao, mpaka mfagiaji, mpaka paka wa stoo. Wasichana waliandikwa kwa namba, wa kwanza hadi wa saba, na kuweka saini walikatazwa. "Binti ataolewa, jina litabadilika, ramani itabaki na uongo," zilieleza kanuni za ofisi.

Akaanza kulinganisha tarehe. Wiki moja wasichana wote saba walirudishwa nyumbani kwa sababu ya surua, na Mpima Mkuu akachora ramani mbili kwa mkono wake. Ndizo zilizokuwa kavu. Katika mojawapo mto ulipanda mlima. Zile nyingine zote zilivuja, na mtafiti akakinga maji yake kwenye chupa saba, kila msichana na yake, kwa kufuata tarehe za zamu zao daftarini. Ya msichana wa pili yalikuwa vuguvugu. Ya wa sita yalikuwa na mchanga. Ya wa nne yaliinamia kushoto, hata juu ya meza iliyosawazishwa, na shangazi alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Mtafiti alitumbukiza kiganja humo, akakiacha mpaka saa ya kufunga. Alimkumbuka shangazi yake. Chumba kilikuwa na viti ishirini, na aliyeketi ni yeye peke yake.

"Unalia, dada?" aliuliza mtunza nyaraka.

"Hapana. Ni ramani."

"Haya. Ukimaliza, uzime feni."

Ijumaa alizipeleka chupa mbele ya kamati ya kitabu. Mwenyekiti alionja ya nne, akalamba midomo, akampitishia mwanasheria.

"Hatubishi," alisema mwenyekiti. "Kazi ni yao. Mwenye macho haambiwi tazama."

"Basi tuandike jina la shangazi yangu."

"Saini yake iko wapi?"

"Walikatazwa kuweka saini, mzee."

"Si ndiyo nasema, haipo. Tukianza na shangazi yako, mwanangu, kesho kila mtu ataleta wake."

Kamati ilicheka kwa adabu. Mtafiti naye akacheka, akajichukia kwa kicheko hicho.

Kitabu kilitoka mwezi wa nane. Mpima Mkuu alitajwa mara mia mbili na sita. Wasichana walikuwa kwenye shukrani, ndani ya neno "wengineo". Hata hivyo idara haikupuuza maji. Mafundi walichimba mfereji kutoka chumba cha kusomea hadi uani, wakajenga tangi, wakafunga bomba, kwa kuwa mtaa ule hukosa maji siku tatu kwa wiki. Ubavuni mwa tangi walipaka rangi jina la Mpima Mkuu, herufi kubwa za kusomeka kutoka barabarani.

Sasa mtaa mzima huteka pale. Mtafiti hupanga foleni Jumamosi, nyuma ya wenye madumu. Kuna siku maji hutoka yakiinamia kushoto, na watu husogeza ndoo zao kidogo, wakaendelea na mazungumzo. Aliye nyuma yake humsaidia kujitwika. Hutembea polepole, shingo imenyooka, asimwage hata tone. Akifika nyumbani husimama mlangoni na ndoo kichwani, kwa muda mrefu, maana ndani hakuna mtu wa kumtua.