Picha ya Jilala kwenye Bango

Hili ukisimuliwa utasema unadanganywa, lakini lilitokea Mwakitolyo, saa nne asubuhi kweupe, watu mia mbili wanaona!

Martina alikuwa ameshika maiki, anatafsiri kwa Kisukuma. Martina huyu huyu, mpishi wa uji wa shule, mikono bado inanuka moshi. Pembeni yake Ruchi, binti wa duka la vitambaa la Ngokolo, mjini, anabonyeza kompyuta, ukuta unawaka picha.

"Wazazi wangu, msirushe mtandaoni picha ya mtoto akiwa na sare. Mtu mbaya atajua anasoma wapi."

Martina akatafsiri. Roho inamuuma hiyo!

Maana semina hizi alizianza yeye. Miezi minne alipita nyumba kwa nyumba, mpaka kwenye krasha wanaposaga mawe ya dhahabu, anabembeleza kina mama waje wasikie habari za watoto na simu. Wakaja kumi na mmoja. Kumi na mmoja, na wawili walifuata uji. Leo Ruchi kaja na projekta, soda na bango la rangi lenye picha ya mtoto wa shule, ukumbi umefurika. Mwalimu mkuu kamwita "mtaalamu wetu". Martina je? "Na huyu atatusaidia lugha."

Aharibu, Martina akaomba kimoyomoyo. Aharibu kidogo tu, wamuone.

Hapo hapo Scolastika, muuza mihogo, akasimama nyuma. Akanyoosha kidole kwenye bango, akaongea Kisukuma. Ukumbi mzima ukaguna. Aliyebaki anatabasamu ni Ruchi peke yake.

"Anasemaje, dada Martina?"

"Anasema... mtoto wa kwenye bango ni wake, Jilala. Alitoroka naye kutoka Chato, baba yake alikuwa anawapiga. Hilo bango umelirusha mtandaoni. Jana huyo baba kampigia dada wa huyu mama, kasema ameona sare, ameona jina la shule, anakuja. Anauliza... nani alikupa picha ya mwanae."

Ruchi akamgeukia Martina. Akamwangalia.

Picha aliipiga Martina! Siku ya wale kumi na mmoja, Jilala anacheka na kikombe cha uji. Alimtumia Ruchi yeye mwenyewe, na maneno juu: "Ona, hata mimi nina watu."

Ruchi akamgeukia Scolastika. "Kosa langu, mama. Nilirusha mimi. Naifuta sasa hivi. Nisamehe."

"Mtaalamu huyo!" mtu akapiga kelele. "Kajifundishe kwanza!"

Watu wakacheka. Mwalimu mkuu akatoka mbio, anapiga simu polisi, anaagiza Jilala asivuke geti. Ruchi akapanda kiti, akaanza kufungua kamba za bango mwenyewe, vidole vinakosea mafundo.

Scolastika akafuta machozi kwa kanga. "Mayu, mama yetu Martina, kuanzia leo tufundishe wewe. Wewe ndiye unatujua."

Makofi! Ukumbi mzima! Yaani kila alichokiomba, kimekuja kama kilivyo.

Ruchi hakugeuka. Alikuwa anakunja bango, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka likabaki jicho moja la Jilala, bado linacheka. Maiki ilikuwa haijazimwa. Watu walisikia Martina anavyohema, wakanyamaza wakimsubiri.

Haya, wewe unayesoma, maiki ungekuwa nayo wewe. Ungesema nini?