Emmett Bado Anaandika

...na viatu vyenyewe kavivisha mifuko ya plastiki, utadhani kaingia chumba cha upasuaji na si sebule ya Bi Loretta, mama yake Emmett, yenye paka wawili na nywele zao kila kochi, huyu Bi Prewitt ndiye aliyetumwa na kaunti aamue kama Darlene anafaa kuwa muuguzi, mwanamke ambaye hajawahi kufyonza kohozi la mtu kwa mashine maishani mwake, hebu mwangalie anavyoinama mbele ya kiti cha magurudumu na kupaza sauti, "Emmett, una-ta-ka Darlene awe muuguzi wako?" kana kwamba Emmett ni kiziwi, Emmett si kiziwi, ni misuli tu iliyomkimbia, masikio yake yanasikia theluji ikidondoka mji mzima wa Youngstown, na Darlene alikuwa ameshajibu, "Anataka, bibiye, mimi na yeye ni chanda na pete," na Bi Prewitt, bila hata kumtazama, "Nimemuuliza yeye." Nimemuuliza yeye! Haya, muulize basi, utajua mwenyewe, maana Emmett anaandika kwa macho, mashine inafuata anapotazama, herufi moja hapa, nyingine kule, skrini imemwelekea yeye peke yake na hakuna anayejua kitu mpaka amalize na ile sauti ya bati ya mashine iseme, kaa hapo na mifuko yako mpaka miguu iote ukungu... kaunti haitoi cheti cha muuguzi binafsi mpaka mtu mmoja mwenye ulemavu akuchague kwa kauli yake, ndiyo sheria yao, na mtu wa Darlene ni Emmett, hana mwingine, kampuni ya wauguzi alishaiacha, aliondoka akiubamiza mlango, kampuni gani ile iliyokuwa inamleta msichana wa zamu amelala na vidude masikioni huku mashine ya kupumulia inalia kama mbuzi, takataka, wote takataka, na ile kozi ya mtandaoni nayo! yule mwigizaji kwenye video mwenye meno kama vigae vya bafuni, "usiseme mgonjwa, sema mtu unayemhudumia," sawa, na mtu unayemhudumia akipaliwa alfajiri utamwokoa kwa msamiati? Darlene aliupita mtihani wao huku akila tambi za jana, somo la kusikiliza alipata alama zote, kusikiliza, mambo ya kufundishwa hayo... "Kahawa nyingine, Darlene?" Bi Loretta huyo. Hapana, mama, hapana, maji ya kuoshea vikombe haya, mwanamke amezeeka hajui kupika kahawa, na mwanawe mtu mzima mwenye ndevu bado anamchana nywele upande kama mtoto wa komunyo ya kwanza, hawamwoni, hapa ndipo penye ugonjwa, hakuna anayemwona Emmett ila yeye Darlene, hata kwenye harusi ya Janine, dada yake Emmett, mjomba mmoja kalewa kachafuka sukari ya unga mpaka kwenye tai, maana meza ya biskuti, desturi ya harusi za huku, ilitoka ukuta mpaka ukuta, mashangazi walikuwa wameoka mwezi mzima, akamuuliza Darlene, si Emmett, Darlene, "Huyu anaelewa?" naye akamkata palepale, "Anaelewa kuliko wewe, tena hajalewa," watu wakaangua kicheko, akajiona amemtetea, na amemtetea kweli, halafu ikafika zamu ya Emmett kusema neno, hotuba yake mashine ilikuwa imeimeza asubuhi, yote imefutika, ikabidi aandike upya mbele ya watu, kipaza sauti kikawekwa, sauti ya bati ikatoka, "Janine, ulipokuwa mdogo," ikanyamaza, macho yanakwenda, yanarudi, watu wanakohoa, watoto wananyakua biskuti, mpiga muziki anapumua kwa nguvu, wapumbavu, hawajui kumsubiri mtu, Darlene akachukua kipaza sauti, "Anachotaka kusema ni kwamba anawapenda sana!" na ukumbi mzima makofi, Janine machozi, Bi Loretta machozi, mashangazi wakamjazia Darlene boksi la biskuti za lozi, alilala na fahari usiku ule... ulipokuwa mdogo. Ulipokuwa mdogo nini? Hakuuliza. Alikula zile biskuti wiki nzima na hakuuliza, na Emmett hakuandika tena usiku ule, alifumba macho kwenye gari na Darlene akamwambia mama yake, "Amechoka kwa furaha," amechoka kwa furaha! mjinga wewe Darlene, yule mlevi alimuuliza mtu asiye mhusika, na nani alijibu? nani aliyejibu hata leo, kabla mtu hajapepesa jicho? na mbona Emmett anachelewa hivi, kitufe cha ndiyo kipo pembeni kulia, cha hapana pembeni kushoto, ni kutupa jicho tu na kwisha, na jicho lake halijakwenda pembeni hata mara moja, linazunguka katikati, kwenye herufi, ana maneno, ana maneno mengi, na Bi Prewitt ameweka kalamu chini na kukunja mikono, hakohoi, haangalii saa, yule mwanamke wa mifuko ya plastiki anasubiri kama mtu mwenye haja ya jibu, na Darlene hana pa kuitupa dharau yake ila kwake mwenyewe, "Jamani, msaidie basi," Bi Loretta anasema, "mgeni amekaa mno, si wewe unamjua, siku zote unammalizia?" na sentensi iko tayari mdomoni, tamu, ya kumpatia cheti, Emmett amesimamisha macho, anamtazama yeye, si skrini, yeye, anangoja kuporwa maneno yake. "Sijui anataka kusema nini, mama," Darlene anasema, na ni kweli, hajui, na macho ya Emmett yanarudi kwenye herufi.