Mama Mkubwa Alisema Chetu

Mama Mkubwa alisema, "Ni chetu," nami nikaandika chetu.

Afisa msajili hakuinua macho. Aliuliza kama nimemaliza, nikasema nimemaliza, akaniamuru nitie alama kwenye kisanduku cha pili, kile kilichoandikwa "kwa pamoja". Nikatia. Siku hizo nilikuwa na mwandiko uliosifiwa mtaa mzima, na ndio ulionipatia kazi ile ya ukarani. Alama ilikaa katikati ya kisanduku bila kugusa ukingo wowote. Ndivyo nilivyomnyang'anya kiwanja mwanamke aliyenilea, kwa mwandiko mzuri, saa nne asubuhi, huku yeye akinitazama kwa fahari.

Tulikuwa katika darasa la shule iliyofungwa kwa likizo. Hesabu za kugawanya zilikuwa bado ubaoni. Watu wazima walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani, wakisubiri kuitwa. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba kila kiwanja mtaani petu kitasajiliwa na kila mwenye nacho atapewa hati, na kuanzia hapo hakuna atakayemwamkia asubuhi na kumwambia hama. Mpaka wakati huo hatukuwa na karatasi. Kiwanja kilikuwa cha fulani kwa sababu watu walijua ni cha fulani.

Afisa tulimwita Bwana Saa. Kila asubuhi alivua saa yake ya mkononi, akaiweka mezani, na kila mtu akapewa dakika tano. Nilimchukia miaka mingi, kisha nikachoka, na leo naweza kukiri kwamba hakuwa mtu mbaya. Hakupokea hata soda ya mtu. Siku ya kwanza alituapisha makarani kwamba hatutaongeza neno wala kupunguza, wala hatutamshauri yeyote mwenye kiwanja, kisha akatufafanulia kwa lugha nyepesi: "Karani hana mdomo. Ana mkono tu." Hakuuliza kama tuna ndugu kwenye foleni. Angeuliza, angebaki peke yake na saa yake.

Sasa, mtu aliyelelewa akaleleka hasemi "changu" mbele za watu. Anaishi peke yake na paka, bado atakwambia karibu kwetu. Nyumba ameijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, na ukimsifia atajibu kwamba tunajikongoja hivyo hivyo. Changu ni neno la watoto wanaogombania mwanasesere, na hata hao mama zao huwakanya. Bwana Saa alijua hayo yote, maana alizaliwa kwa watu wasemao kama sisi. Adabu hiyo alikuwa ameivua mlangoni, ofisini isingemfaa. Kwenye fomu yake chetu ilikuwa chetu.

Tena nyuma ya Mama Mkubwa, dawati la pili, alikaa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Aliitwa kwanza kwa kuwa ndiye mwanamume wa ukoo. Aliulizwa kiwanja ni cha nani, akasema chetu. Baada ya hapo Mama Mkubwa angesemaje? Angemwaibisha mtu mzima mbele ya darasa zima?

Kiwanja kile alikipata kwa pasi. Miaka kumi na miwili alikuwa dobi katika nchi mbili ambazo si zetu, na alichopata alimpelekea mumewe, naye mume tangu mwaka wa kwanza akanunua, kwa malipo ya kidogo kidogo, kwa kupeana mikono mbele ya majirani wawili. Wote hao, muuzaji, mume na majirani, walikuwa wamekwisha kufa kufikia siku ya usajili. Habari za nchi zile alinisimulia akiwa kazini, kwa vipande, kati ya kola moja na nyingine.

Katika nchi ya kwanza ardhi yote ilikuwa ya serikali. Alipanga chumba kwa mzee mmoja aliyejenga kwa mikono yake mwenyewe. Jumatatu walikuja watu wa barabara wakapiga alama ya chokaa ukutani, na kufikia Ijumaa nyumba ilikuwa lundo. Mzee hakulalamika. Alisema ardhi haikuwa yake, alikuwa ameazimwa, na mwenyewe amekuja kuichukua. Mama Mkubwa akavuka mpaka, akapata kazi ya kufua kwenye shamba kubwa katika nchi ambayo kila udongo ulikuwa na mwenyewe. Ukoo mmoja ulimiliki kuanzia mtoni mpaka milimani, kwa hati halali yenye mhuri, na waya ulizunguka kote. Wafanyakazi waliishi ndani ya waya. Waliomba ruhusa kufuga kuku. Waliomba ruhusa kukaribisha mgeni. Mfuaji mwenzake alifiwa na mama yake, na maiti ikasubiri siku mbili mwenye shamba arudi safari ili aseme, haya, mzikeni.

"Kule kwa kwanza ardhi haikuwa ya mtu, na watu hawakuwa na la kusema," aliniambia. "Kule kwa pili ilikuwa ya mtu mmoja, na watu hawakuwa na la kusema. Mimi nataka kipande kidogo tu, ambacho nikisema hapana, iwe hapana."

Alirudi akiwa mjane, akakuta kiwanja kimefyekwa. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, na lisiposemwa hadithi hii itakuwa uongo. Shemeji alikifyeka kila baada ya mvua, kwa miaka yote ile. Aliwafukuza waliokuja kumwaga takataka, akagombana na jirani aliyesogeza ua wake. Mama Mkubwa alijenga vyumba viwili pembeni, akatundika kamba za nguo kwenye nafasi iliyobaki, na mimi, mtoto wa mdogo wake aliyefariki, nilikulia chini ya mashuka ya watu.

Mwaka wa usajili Shemeji alianza kupima kwa hatua katikati ya kamba zile. "Hapa kwetu," alisema, "ndipo tutakapomjengea kijana akioa." Mama Mkubwa alicheka kwa adabu. Mahali palepale alikuwa ameshapanga tangi la maji na banda la kufulia, awaajiri wanawake wawili, aache kuinama kwenye beseni. Magoti yalikuwa yamemchosha. Hakumjibu shemeji yake neno. Alisubiri hati imjibie.

Siku kumi na nne nilikula chakula chake bila kumwambia. Nilijificha nyuma ya kiapo, lakini kiapo kilikuwa kisingizio. Nilijua vizuri sana chetu ya mama yangu ina maana gani. Ningeweza kuinua mkono pale pale na kumwomba afisa aulize tena. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nina kiti na meza mbele ya watu wote walionijua nikiwa na kamasi, na sikutaka kuonekana karani anayependelea. Nilikipenda kile kiti. Nimeona haya kwa hilo maisha yangu yote.

Orodha ilibandikwa ukutani, nje ya darasa. Aliisoma kwa kidole, taratibu. Jina la Shemeji lilikuwa la kwanza, lake la pili, na chini yake maneno kwamba hakuna mmoja atakayejenga, kuuza wala kugawa bila saini ya mwenzake. Alirudi nyumbani, akaiacha pasi ipoe, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Nani aliandika lile jibu langu?"

"Mimi, Mama."

"Uliandika nilivyosema?"

"Ndiyo."

"Basi uliandika vizuri," alisema, akainuka kwenda kuanua nguo.

Bora angenizaba kofi. Nililia, na yeye kule nje alikunja mashuka mpaka nilipomaliza.

Tulipewa siku thelathini za kuweka pingamizi. Pingamizi lenyewe halikuwa gumu: ni kurudi katika darasa lile, kusimama mbele ya Bwana Saa, na kusema neno moja. Mama Mkubwa akaanza kulifanyia mazoezi. Alikuwa akipita na ndoo anasema, ndoo yangu. Akikoroga uji, uji wangu. Pasi yangu, kamba zangu, mgongo wangu huu unaouma. Alilitamka kama mtu anayejaribu viatu vipya, na mara nyingine tulicheka mpaka akakaa chini.

"Mbona mimi unaniita mwanangu kila siku na huoni haya?" nilimuuliza.

"Kwako wewe hakuna aliyeleta pingamizi," alinijibu.

Siku ilipofika ukoo mzima ulijaa kwenye madawati. Shemeji alivaa shati jeupe, na mistari ya mikono yake nilijua ni kazi ya nani, kwa sababu Mama Mkubwa alilipiga pasi mwenyewe asubuhi ile, kama alivyozipiga nguo zake zote tangu arudi. Mimi nilikuwa mezani na kalamu. Nilimwomba Bwana Saa anibadilishe na karani mwingine, akasema karani mwingine ana mwandiko wa kuku.

"Unapinga nini, mama?"

"Kiwanja ni changu."

Lilitoka vizuri, wazi, halikutetemeka. Nyuma watu walisogeasogea kwenye madawati na mmoja akaguna.

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Kwa hiyo shemeji yako hana sehemu."

Hilo hatukulifanyia mazoezi. Siku zote thelathini tulijifunza kusema changu, na hakuna aliyekumbuka kwamba neno hilo lina upande wa pili, na upande huo ungekuwa umekaa nyuma yake kwa shati jeupe. Mama Mkubwa aligeuka akamtazama. Shemeji alikuwa anatazama ubaoni.

"Alikilinda," alisema Mama Mkubwa. "Miaka kumi na miwili. Bila yeye nisingekuta kitu. Karani, andika hivyo."

Nikaandika. Hapakuwa na nafasi, nikaandika pembeni, kwa herufi ndogo: alikilinda miaka kumi na miwili. Sikuongeza neno wala kupunguza.

"Fomu haina mahali pa kulinda," alisema Bwana Saa. Hakuwa mkali. Alichukua rula, akalikata nililoandika kwa mstari mmoja ulionyooka, akatia saini yake ndogo kando. "Ana sehemu au hana?"

"Hana."

"Sema kwa sauti, mama, karani asikie."

Nilikuwa nimesikia.

"Hana," alirudia Mama Mkubwa.

Shemeji aliulizwa kama ana la kujibu. Alisimama, akafunga kifungo cha shingoni ambacho kilikuwa kimefungwa tayari.

"Nilidhani nalinda kwetu," alisema.

"Unapinga au hupingi?"

"Sipingi."

Dakika tano zilikuwa hazijaisha. Alitoka, na ukoo ukamfuata mmoja mmoja, mpaka darasani tukabaki na watu wa kiwanja kinachofuata.

Hati ninayo mimi sasa. Kwa hati hiyo Mama Mkubwa alijenga banda la kufulia na tangi, akawaajiri wale wanawake wawili, kisha watano, na hakuna aliyewahi kumwambia hama. Nimefanya kazi katika ofisi za ardhi miaka thelathini na nne, nimehudhuria semina ambapo wataalamu wa nchi mbalimbali walibishana kama ardhi iwe ya mtu au ya watu, na wapi mtu ana uhuru zaidi. Wakiniuliza huwa nasema kwamba mama yangu alikuwa huru. Nalisema kwa moyo wote. Alisema hapana kwa watu wengi katika kiwanja kile, na ikawa hapana. Alizikwa pale alipotaka bila kumwomba mtu ruhusa. Mazishini tulikuwa wafuaji, majirani na mimi. Upande wa mumewe hakuja mtu.

Lakini kinachonijia mara nyingi zaidi ni asubuhi iliyofuata baada ya lile darasa. Tulikuwa tunatenganisha nguo nyeupe na za rangi, tukasikia hodi langoni. Tulitazamana, maana sauti tuliijua. Shemeji hakuwahi kupiga hodi pale. Alikuwa akipitia kwenye upenyo wa ua, anajimiminia maji ya kunywa, na mara nyingi tulimkuta ameshakaa.

"Karibu, shemeji," aliita Mama Mkubwa. "Pita."

Hakupita. Alisimama upande wa pili wa lango, mikono nyuma.

"Nimekuja kuchukua vitu vyangu."

Vilikuwa fyekeo, toroli na kiti kimoja cha kukunja. Katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia akisema vyangu, na nikaona Mama Mkubwa naye amelisikia, kwa sababu aliketi kwenye lundo la nguo chafu. Nilipakia fyekeo na kiti kwenye toroli. Nilipofika katikati ya uwanja alinipita akikimbia, yeye na magoti yake yale, akashika lango kwa mikono miwili.

"Pita, shemeji. Angalau unywe maji. Hapa ni kwenu."

"Hapana, shemeji," alijibu kwa upole. "Si imeandikwa?"

Alisema hivyo akinitazama mimi. Nilifungua lango, nikamkabidhi toroli, naye akanishukuru kama watu wanavyomshukuru karani.