Zebaki Kwenye Zulia

"Mama, nimemeza," Ajara aliniambia, akatoa ulimi nione.

Nusu ya kipimajoto ilikuwa mkononi mwake. Nusu nyingine ilikuwa imevunjikia kwenye zulia, na juu ya maua yake mekundu yalitapakaa matone ya rangi ya fedha, yakitetemeka kila nilipopiga hatua. Alikuwa na miaka minne, na homa. Theluji ilikuwa imefunga barabara ya kushuka mjini Naryn, na mume wangu alikwama na lori lake ng'ambo ya mlima.

Nilikwenda dirishani, mahali pekee simu iliposhika mtandao, nikaandika: zebaki.

Hadi leo nikifumba macho nauona ukurasa ule ukifunguka kipande kwa kipande. Kwanza mraba wake kwenye jedwali la elementi: Hg, namba themanini. Kisha uzito wake. Kisha joto linaloichemsha. Mwanangu anakufa, nikawaza, na simu inanihadithia habari za metali iliyo majimaji.

"Inasema nini?" aliuliza mama mkwe wangu, Sairagul. Alikuwa amepiga magoti nyuma yangu, akiyazoa matone kwa bawa la bata.

"Bado, mama. Inafunguka."

"Inafunguka, inafunguka! Mpe mtoto maziwa, achana na hilo dude."

Niligusa neno "sumu". Ukurasa ukawa mweupe. Nilimsikia Ajara akimwimbia paka. Ndipo maandishi yakaja: ikimezwa, kwa kawaida hupita tumboni na kutoka, mwili haufyonzi ila kidogo sana.

Nilisoma tena. Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kisha nikaona mstari uliofuata. Kinachoua ni mvuke wake. Hauna rangi, hauna harufu. Isipashwe moto kamwe.

"Mama, yale matone umeyatupa wapi?"

"Kwenye jiko. Yakaungue huko."

Alikuwa amechutama mbele ya mlango wa jiko ulio wazi, akipuliza makaa, uso umemwiva kwa joto.

Nilimnyakua Ajara, nikamvuta mama mkwe kwa mkono wa koti lake.

"Wewe mwanamke, umepagawa? Mtoto ana homa, unamtoa nje kwenye theluji!"

"Toka nje!"

Tangu niolewe sikuwahi kumpandishia sauti. Nadhani alinifuata kwa mshangao tu. Tulijibanza zizini katikati ya kondoo, Ajara ndani ya koti langu, na hapo Sairagul akaanza kukohoa. Nilijipa moyo kwamba ni moshi. Kufikia jioni alikuwa akishika kifua kwa mikono miwili.

Barabara ilipofunguliwa, madaktari walimpima Ajara wakamrudisha akiwa mzima. Bibi yake walimlaza. Alirudi nyumbani nyasi zikiwa zimeota, na hadi alipofariki, miaka mingi baadaye, hakuweza tena kuvuka ua bila kupumzika njiani.

Siku moja, akiwa bado wodini na Ajara ameketi kitandani kwake, aliniita karibu. "Hebu nisomee hicho ulichosoma."

Nikafungua simu, nikamsomea sehemu ya tumbo: hupita, hutoka, mwili haufyonzi.

"Endelea."

"Basi, mama. Inaishia hapo."

Alikitazama kidole changu, kilichokuwa kimefunika maandishi yaliyobaki. Kisha akamsogeza Ajara kitandani na kumfunika miguu kwa shali yake.

"Vizuri," alisema. "Kama ni hayo tu, vizuri."